Papa yao aliwaahidi nyumba juu ya avoka, mimi ndiye niliyebaki chini ya mti

Jambo Mzee Fundi,

Ninaishi Nyalukemba, kwenye parsele, yaani kiwanja, cha wakwe zangu. Unaujua mji wetu wa Bukavu, parsele iliyo sawa ni ya kutafuta kwa tochi. Ya kwetu ina ngazi mbili. Juu kuna nyumba na uwanja mdogo ninapoanikia nguo. Kisha kuna ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, unashuka kama mita moja na nusu hivi. Chini yake kuna bustani ya lengalenga, kibanda cha kuku na mti mkubwa wa avoka (parachichi) ambao matawi yake yanafika hadi usawa wa uwanja wa juu. Baada ya mti ni ua wa mabati, na nyuma ya ua, chini zaidi, ni kwa jirani.

Mume wangu yuko kazini Kindu, huu ni mwaka wa pili. Kila Jumapili jioni anapiga simu na watoto wananyang'anyana kuongea naye. Mwezi wa nne walimweleza video waliyoiona kwenye simu ya shangazi yao: watoto wa Ulaya wana nyumba ya mbao juu ya mti, ina ngazi ya kamba, dirisha na bendera. Papa yao akacheka, akasema, "Hiyo tu? Nitawajengea kwenye avoka ya koko, babu yenu." Nilidhani ni maneno ya simu. Wiki mbili baadaye fundi wa mbao akabisha hodi, mita mkononi, anasema ametumiwa avansi ya dola 70. Anataka kulaza madriye mbili, zile mbao nene, kati ya matawi mawili makubwa, mita tatu kutoka chini, azipigilie misumari ya inchi sita, kisha sakafu ya mita mbili kwa mbili, ukuta na bati juu. Siku mbili, anasema, kazi imekwisha.

Mama mkwe hataki. Avoka ile ilipandwa na marehemu baba mkwe waliponunua parsele, na matunda yake yalilipa minervali, yaani karo ya shule, ya shemeji zangu wawili. Mume wangu alipompigia simu, alimjibu, "Ni sawa, mwanangu." Simu ilipokatika akanigeukia mimi: "Msumari hauingii mle nikiwa hai." Sasa mbele ya mume wangu yeye amekubali, na anayekataa ni mimi.

Jirani wa chini naye alimwona fundi amepanda kupima. Bafu lake liko nje na halina paa. Alikuja jioni, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama tunajenga nyumba ya watoto au mnara wa kumchungulia mke wake akioga. Sikuwa na jibu.

Na watoto wenyewe. Mapasa wana miaka tisa, mvulana na msichana, na mdogo wao ana minne na hufuata kila wanalofanya. Wameshagawana pembe za kulala. Kila asubuhi kabla ya chai ni swali moja: lini? Nikikataa, mimi ndiye mama mbaya. Nikikubali na mtoto akaanguka, papa yao yuko Kindu, niliyekuwepo ni mimi. Mzee, avoka inaweza kubeba nyumba? Na hawa watu wote niwaambie nini?

Mama Mapasa, Nyalukemba

*

Mama Mapasa,

Nianze na mti, maana katika habari yako yote mti ndio pekee usio na maneno mawili.

Avoka haibebi nyumba. Nasema hivi nikiwa nimefanya kazi ya mbao miaka mingi, na nikiwa na mkono wa kushoto ambao haunyooki sawasawa. Nilikuwa kijana, nimepanda avoka ya mjomba wangu kuchuma, siku ya jua, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Tawi nililokanyaga lilikuwa nene kama paja langu. Halikulia, halikupinda kunionya. Lilikatika kama mhogo. Ndivyo mti huo ulivyo: mbao yake ni laini na inakatika ghafla, na mwaka wa matunda mengi utaona matawi yanavunjika kwa uzito wa avoka zenyewe, bila mtu juu yake. Miti unayoiona kwenye video za Ulaya mara nyingi ni mialoni na ndugu zake, inakua polepole kwenye baridi na mbao yake ni ngumu kama deni. Mti wako si wa ukoo huo.

Sasa weka hesabu. Kwa vipimo alivyokupa fundi, mbao zake hazipungui kilo 200. Mtoto wa miaka tisa ana kama kilo 25. Utaniambia watoto wako ni watatu. Mama, nyumba ikiwa juu ya mti, watoto wako hawatakuwa watatu, watakuwa wa mtaa mzima. Wanane ni kilo 200 nyingine, na watoto hawakai kimya kama magunia ya makala (mkaa), wanaruka.

Kuna jambo la pili ambalo fundi wako hakulifikiria, nalo lingeshinda hata kama mti ungekuwa mgumu. Madriye mbili zikipigiliwa kwenye matawi mawili, matawi hayo yamefungwa pingu. Upepo wa jioni unapotoka ziwani, kila tawi hucheza kivyake. Moja linakwenda huku, lingine kule, na misumari iko katikati inavutwa. Mwisho wake msumari unachomoka au tawi linapasuka. Wanaofanya kazi hii kwa ustadi hutumia bolti moja nene kila sehemu badala ya misumari kumi iliyosongamana, na upande mmoja wa boriti huuacha uteleze. Misumari mingi mahali pamoja huufanya mti uoze pale pale. Kwa hiyo mama mkwe wako, hata kama alisema kwa sababu ya marehemu, alisema kweli ya ufundi.

La tatu ni radi. Mwaka 2016 watafiti waliohesabu radi za dunia nzima kwa satelaiti walipanga mahali zinapopiga kwa wingi. Namba moja ilikuwa Ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Namba mbili ilikuwa huku kwetu mashariki ya Kongo, sehemu waliyoiita Kabare: radi kama 205 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Sisi tunaoishi Bukavu hatukuhitaji satelaiti kutuambia, lakini namba hiyo imenisaidia kuwanyamazisha wateja wabishi. Mti mrefu ulio peke yake kwenye mteremko ndio mlango ambao radi huupenda, na mtoto aliye juu yake au aliyeegemea shina lake yuko njiani. Watu husema ni bati linaloita radi. Hapana, ni urefu, na ni kusimama peke yako.

Baada ya kusema hayo yote, usiwaambie watoto hapana.

Soma tena barua yako mwenyewe. Umeniandikia kwamba matawi ya avoka yanafika usawa wa uwanja wa juu. Mlima wako umeshapanda mti kwa niaba yao! Wenzetu wa nchi tambarare wanatafuta ngazi ili wafike kwenye majani. Wewe ukitoka jikoni na kutembea hatua kumi tayari uko kwenye majani. Jenga jukwaa linalosimama kwa miguu yake minne juu ya bustani ya chini, sakafu yake iwe sawa na uwanja wa juu, na watoto waingie kwa daraja fupi kutoka uwanjani. Hakuna ngazi. Upande wa daraja watakuwa sawa na nyumba, upande wa pili watakuwa mita moja na nusu juu ya lengalenga, au zaidi kidogo kwa vile ardhi yako inateremka, wamezungukwa na majani, na mti haujaguswa. Urefu huo unatosha mtoto kujiona mfalme. Mita tatu za fundi zinatosha kuvunja nyonga.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wetu wanapoharibu.

Miguu isimame mbali na shina, mita mbili au zaidi. Mizizi ya avoka inayokunywa maji iko karibu sana na uso wa udongo, na ikikatwa au ikituamiwa na maji, ugonjwa wa kuoza mizizi unaingia na mti unaanza kufa kutoka juu, majani yanapauka na kupukutika. Fundi akichimba shimo akakutana na mzizi mnene kuliko kidole gumba, ahamishe shimo, asihamishe mzizi kwa panga. Wala asirundike mchanga na mbao zake chini ya mti wiki nzima.

Miguu isikaribie pia ukuta wa mawe. Waache nusu mita kutoka kwenye tako lake, na wasizibe yale matundu ya kutolea maji, kama fundi aliyeujenga alikuwa na akili ya kuyaacha. Jukwaa lisiegemee ukuta hata kwa kidole. Ukuta huo una kazi moja, kuzuia udongo wa nyumba yako, na katika mji huu tumeshaona kuta zilizopewa kazi mbili. Kichwa cha daraja kilale juu ya jiwe pana nyuma ya ukuta, kwenye udongo mgumu.

Usimruhusu azike mbao ardhini. Kwa mvua zetu na mchwa wetu, mguu uliozikwa unaoza pale unapoingia kwenye udongo, na hutaona mpaka siku ulale. Achimbe, amwage zege, aweke chuma kilichochomelewa kama herufi U, mguu ukae humo juu ya udongo na kufungwa kwa bolti. Fundi wa kuchomelea atakuuzia vinne kwa bei ya chakula cha siku mbili. Katikati ya miguu aweke mbao za mshazari, angalau pande mbili. Jukwaa bila mshazari linayumba kama mlevi wa Jumamosi.

Uliza mbao ni ya lini. Kalitusi iliyokatwa juzi ni nzito, na ikikauka inajinyonga na kupasuka, bolti inabaki inacheza. Nunua iliyokaa. Na ukimwona anakuja na kopo la mafuta machafu ya gari ili apake kila kitu, mzuie. Wengi tunayatumia dhidi ya mchwa, sikatai, lakini si pale mikono ya watoto inaposhika kisha ikaingia mdomoni.

Uzio wa jukwaa uwe mita moja kwenda juu. Vijiti vyake visimame wima. Ukivilaza umemtengenezea ngazi yule wa miaka minne. Nafasi kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 10, ili kichwa kisipite. Na kwenye daraja weka mlango mdogo wenye komeo upande wa nje, juu, pale mikono ya huyo mdogo isipofika. Yeye aingie akiwa na mkubwa, basi.

Umesema unaanika nguo uwanja wa juu. Kamba ya nguo iko urefu gani? Mapasa wakitoka mbio kwenye daraja, kamba hiyo iko shingoni. Ihamishe kabla ya kazi kuanza. Hiyo ngazi ya kamba ya kwenye video, na kila kamba inayoning'inia yenye kitanzi, sahau. Angalia vilevile kama kuna waya wa umeme unaopita kwenye majani. Mtaani kwetu nyaya hupitishwa popote, na zilizovuliwa plastiki ni nyingi. Kama upo, usijenge hapo mpaka uondolewe.

Chini ya jukwaa toa mawe yote, hamisha kibanda cha kuku, mwaga vumbi la mbao kutoka karakana, unene wa sentimita 30. Karakana nyingi watakupa bure, lakini lipitishe kwenye chujio kwanza. Sijawahi kuona vumbi la fundi lisilo na msumari ndani. Mvua ikishalishindilia, ongeza jingine.

Radi bado ipo, jukwaa si dawa yake. Sheria ni moja na haina mjadala: ngurumo ya kwanza ikisikika, wote ndani ya nyumba, na hawarudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Waambie mapasa ndio askari wa sheria hiyo. Watoto wa miaka tisa hupenda kuwa askari.

Tuje kwa watu.

Jirani asingoje kuona mbao. Nenda kwake wewe, na shemeji yako mmoja kama yupo, kabla ya msumari wa kwanza. Mwambie upande unaomtazama utakuwa ukuta wa mbao mtupu, mita moja na sentimita 80, bila dirisha wala tundu, na upande ulio wazi utaangalia jiko lako, ambapo wewe mwenyewe unataka kuwaona. Kisha mwambie neno hili: sakafu ikishawekwa, wewe Papa utapanda wa kwanza, utazame chini, ukiona bafu lako tutaongeza ubao. Mtu aliyekuja kulalamika kwa sauti ya chini anataka kuheshimiwa, hataki vita. Na bafu lake, kati yetu, linahitaji paa, lakini hilo atalifikia mwenyewe akiwa amesimama pale juu.

Mama mkwe wako usimpelekee habari, mpelekee swali. "Mama, tukiweka miguu mbali na mti, wewe unaonaje, upande gani mizizi ni michache?" Yeye ameishi na mti huo kuliko wote, ameona pale jembe linapogonga. Akikuonyesha mahali, amejenga na nyinyi. Usimkumbushe alisema nini kwenye simu na nini baada ya simu. Mkwe mwenye busara huwa na sikio moja kiziwi.

Kwa mume wako usitumie ile simu ya Jumapili. Mpigie siku nyingine, watoto wamelala. Usianze na "mama yako amekataa", wala na "fundi wako hajui kazi". Mtumie picha ya parsele, ichore mistari kwa kidole, mwambie hapa ni daraja, hapa ni majani, mti hautabeba, fundi mzee amesema hivyo. Ahadi aliitoa yeye, na akiwa mbali ahadi ndiyo kitu pekee anachoweza kuwajengea. Kwa hiyo mabadiliko ayatangaze yeye, Jumapili, kwa sauti yake: nyumba itakuwa ndani ya majani ya avoka, ina daraja, na kila mmoja ana kazi. Mapasa wasugue mbao kwa msasa, wahesabu bolti. Mdogo ashike kopo la rangi, ataimwaga, mpe kopo lenye kidogo.

Fundi naye asione umemfukuza. Avansi imeshaliwa, hilo tulijue. Mwambie kazi imebadilika, bado ni yake, na mbao alizonunua zitatumika hizo hizo, madriye mbili zitakuwa boriti za sakafu. Akuandikie upya bei ya zege, vyuma na bolti kabla hujaongeza hata faranga. Akikwambia "Mama, mimi nimezoea misumari", shukuru kwa ukweli wake, chukua mbao zilizokwisha kununuliwa na utafute mwingine. Usimpe muda mrefu: una Juni, Julai na Agosti, na mvua ya Septemba haingoji zege likauke.

Paa usiweke bati. Avoka zikikomaa zitakuwa zinadunda juu yake usiku kucha, na jirani aliyekwisha kukubali ukuta atarudi mlangoni kwa ajili ya kelele. Shitingi, yaani turubai, inatosha kwa jua. Mvua ikinyesha, watoto si tayari wako ndani?